Kuhamisha vipuri kati ya kibodi za zamani za terminali bila kuziua zote mbili

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alikuja dukani kwangu Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na gunia begani, kulifungua mna kibodi nne za terminali, kazinunua kwa kilo kwa mzee mmoja wa skrapu kule Shimanzi. Akaniambia, "Ami, hizi zote zafanana, nichanganyie unitolee moja nzima." Nikamwambia mwanangu keti kwanza. Hizi kwa juu zafanana, ni vitufe na space bar na rangi ya kijivu iliyopigwa na jua, lakini chini ya kofia za vitufe kila moja ina dini yake. Mbili zilikuwa Wyse za terminali ya WY-60, moja IBM ile ndefu ya vitufe 122, na moja DEC LK201. Tulipomaliza tulipata moja nzima kabisa na nyingine ambayo iko njiani, na kwa sababu hili swali naulizwa sana nimeona niandike yote hapa, taratibu, jinsi tulivyofanya.

Kwa asiyezijua, terminali ilikuwa skrini na kibodi tu, akili yote iko kwenye kompyuta kubwa chumba kingine, wewe wabonyeza herufi inasafiri kwa waya ndio irudi kwenye skrini yako. IBM walianza familia ya 3270 mwaka 1971, Lear Siegler wakatoa ADM-3A mwaka 1976, DEC wakaleta VT100 mwaka 1978 na VT220 mwaka 1983, Wyse nao wakaingia miaka hiyo hiyo ya themanini. Kila kampuni ilijitengenezea kibodi ya terminali yake yenyewe, haikuwa kama leo unanunua kibodi yoyote ya USB pale Digo Road ukifika nyumbani yafanya kazi, kwa hivyo hakuna aliyeona haja ya kukubaliana na mwenzake kuhusu plagi wala volti wala hata kofia ya kitufe.

Tuanze na plagi kwa sababu ndiyo inayoua vitu haraka. VT100 kibodi yake ina plagi nene ya robo inchi, ile ile ya gitaa la umeme, hiyo huwezi kuikosea. Lakini LK201 ina kiplagi kidogo cha plastiki cha pini nne kama kile cha mkono wa simu ya mezani, na kibodi za Wyse nyingi nazo zina plagi ya namna hiyo hiyo ya simu. Inaingia vizuri, inafanya klik, na mtu akisikia klik anafikiri ndugu hao. Wallahi si ndugu. LK201 inakula volti 12 na inaongea serial, yaani biti moja baada ya nyingine kwenye waya, kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde, IBM inakula volti 5 na lugha yake nyingine kabisa. Plagi kuingia si ruhusa ya kuwasha. Kama hujui waya gani unabeba nini, pima kwanza kwa mita upande wa terminali, bila kibodi, uandike kwenye karatasi, ndio uje kwenye kibodi. Na ukibadilisha waya mzima kutoka kibodi moja hadi nyingine ya modeli ile ile, bado pima kila pini kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu waya za simu kuna zilizonyooka na kuna zilizogeuzwa na kwa macho hutaona tofauti kama hukuangalia rangi.

Haya, sasa toa kofia moja. Moja tu, chagua ya pembeni. Usitie bisibisi chini ukakwanyua, utaacha kovu kwenye kofia na unaweza kuvunja shina, kile kijiti kinachoishika kofia. Chukua waya mwembamba mgumu, mimi natumia ule wa ndani ya kebo ya mtandao, tengeneza vitanzi viwili, pitisha chini ya pembe mbili zinazotazamana, vuta juu moja kwa moja. Angalia kilichobaki chini. Ukiona msalaba mdogo kama alama ya kujumlisha, hiyo ni swichi ya Cherry MX, swichi ndiyo inayounga umeme ukibonyeza kitufe, na kwenye Wyse za huyu kijana zilikuwa MX nyeusi. Ukiona shimo la duara na ndani springi ndefu imesimama peke yake, hiyo ni IBM ya springi inayopinda. LK201 ina mashina yake yenyewe hayaingiliani na msalaba wa Cherry wala na IBM, kwa hivyo kofia ya LK201 itafaa LK201 tu na usipoteze jioni nzima ukijaribu. Na ukitoa kitufe chenyewe kizima ukakuta chini yake kuna kisponji na kiduara kinachong'aa, hiyo ni ya kampuni ya Key Tronic, nitaifikia mbele.

Kilichoko chini ya kofia ndicho kinachokwambia unaweza kuhamisha nini, jina lililo kwenye kava halitoshi, maana kampuni moja ilinunua swichi kwa watu tofauti miaka tofauti.

Kabla ya kufungua chochote amua nani mgonjwa na nani mtoaji. Watu wengi wanaangalia kava, ile safi ndiyo wanaifanya ya kubaki, na ni makosa. Angalia elektroniki. Zile Wyse mbili, moja kava limepasuka na waya umekatika kabisa, nyingine kava zuri lakini imemwagiwa chai ya maziwa zamani sana, vitufe vya upande wa kulia vimeganda. Macho yanakwambia weka ya chai. Mimi nina skrini ya WY-60 dukani, nikaunga waya wa muda kwenye ile iliyopasuka, ikaandika kila herufi bila kukosa. Ya chai ikawaka lakini herufi zinajirudia zenyewe na nyingine kimya. Bodi ya ile iliyopasuka, yaani ule ubao wa saketi wa ndani, ndiyo nzima, kwa hivyo tukaamua bodi na swichi zake zibaki, kava la ya chai lije, na kofia tuchague nzuri kutoka zote mbili. Ikawa kazi ndogo kuliko alivyofikiria yule kijana, kwa sababu alikuwa amejiandaa kusolda swichi mia.

Lakini tukaikagua moja moja tukakuta swichi sita za ile bodi nzima zinakwama, chumvi imeingia kwenye springi. Hapa kwetu hilo ndilo adui, si vumbi kama bara. Kibodi ikikaa miaka karibu na bandari, hewa ya bahari inaingia kila siku, kaskazi na kusi, na chuma chochote kisichopakwa kitu kinaota kutu. Kwenye MX sehemu inayogusana ndani ina dhahabu kidogo kwa hivyo yenyewe hudumu, ila springi na zile klipu za pembeni ndizo huliwa. Kwa hivyo tukahitaji swichi sita kutoka ya chai, upande wa kushoto ambako chai haikufika.

Kuhamisha swichi ya MX, sikiliza vizuri. Swichi imekaa kwenye sahani ya chuma na pini zake mbili zimesoldiwa kwenye bodi chini. Kwa sahani nyingi huwezi kuifungua swichi kwa juu ikiwa bado imekaa, sahani inabana zile klipu, kwa hivyo lazima itoke nzima. Geuza bodi. Weka chuma cha solda kwenye joto la kiasi, mimi hukaa nyuzi 350 kwa solda ya zamani ya risasi. Na hapa kuna jambo ambalo wanaoanza hawaamini, kwanza ongeza solda mpya. Ndio, unataka kutoa lakini unaongeza, kwa sababu solda ya miaka arobaini imechoka, haiyeyuki sawasawa, ukiichanganya na mpya kidogo inakuwa laini yote pamoja inatoka kwa mvuto mmoja. Gusa sekunde mbili tatu, ikimetameta kama maji weka pampu ya kunyonya solda, bonyeza. Halafu shika pini kwa kibanio uitikise. Ikicheza, iko huru. Isipocheza usivute swichi! Rudia, ongeza solda tena, nyonya tena.

Nasisitiza hapo kwa sababu mwaka jana nilivuta moja kwa haraka, ilikuwa Ijumaa naharakisha kuwahi msikitini, ikatoka na kiduara chake cha shaba kimenata kwenye pini. Bodi nyingi za wakati ule zina shaba upande mmoja tu, ndani ya tundu hamna kitu, kwa hivyo kile kiduara kimeshikiliwa na gundi peke yake na ukikichemsha sana au ukikivuta kinabanduka. Ikikutokea usilie, fuata njia ya shaba kutoka pale ilipokuwa, kwangua rangi ya kijani kidogo tu mpaka shaba ing'ae, halafu soldia kiwaya chembamba kutoka pini ya swichi mpya hadi hapo, au hadi pini ya jirani iliyo kwenye njia ile ile. Pima kwa mita, ikilia umepona. Yangu bado yafanya kazi hadi leo.

Pini zote mbili zikiwa huru, geuza, bana klipu mbili za swichi kwa vibisibisi viwili vidogo, isukume kutoka chini kwa kidole. Swichi ya mtoaji kabla hujaiweka ipime iko mkononi bado, mita kwenye pini mbili, bonyeza taratibu. MX nyeusi inashuka milimita nne zote na inagusa kama katikati hivi, milimita mbili, haina klik wala kikwazo, inashuka laini tu na inarudi kwa nguvu. Ukisikia mchanga ndani, iweke kando. Mita ikilia ikakatika ikalia, weka kando vilevile. Katika kumi na mbili tulizotoa, sita safi zilipatikana kwa taabu.

Usibadilishe swichi nyeusi kwa rangi nyingine eti kwa sababu inaingia. Itaingia, itaandika, lakini springi ni nyepesi au ina klik na kidole kitajua kila ukipita hapo. Kama huna budi iweke kwenye kitufe cha pembeni kisichoguswa.

Kofia nazo. Kwa MX kofia ya kibodi moja huingia nyingine, nafasi kati ya vitufe ni ile ile milimita 19, ila angalia mambo mawili. Kila mstari una mlalo wake, kofia ya mstari wa juu ukiiweka mstari wa kati itasimama kama jino lililopotoka. Na vile virefu, space bar, Shift, Enter, mashina yao yamekaa sehemu tofauti kwa kila kampuni, na ile waya ya chuma inayosawazisha pande mbili inashikwa kwa vindoano tofauti. Space bar ya Wyse kwenda Wyse sawa. Kutoka kwa kampuni nyingine, pima kwa rula kabla hujalazimisha, maana space bar ikipasuka shina ndio basi, kuipata nyingine ni kazi. Na ukikutana na kofia za ADM-3A zenye mishale juu ya H, J, K na L tafadhali usizitupe hata kama kibodi yenyewe imekufa, hiyo ndiyo kibodi aliyokuwa nayo Bill Joy alipoandika vi, programu ya kuhariri maandishi, na ndio sababu mpaka leo watu wa vi wanatembea kwenye faili kwa herufi hizo nne.

Kofia zioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi ya meno, basi. Maji ya moto sana yanapinda space bar. Mimi huzipanga kwenye trei za mayai kwa mpangilio wa kibodi kabla ya kuosha na baada ya kuosha, na napiga picha kwa simu kabla ya kutoa hata moja. Kukausha ni usiku mzima chini ya feni. Usizianike kwenye mabati juani.

Sasa ile IBM. Hii ni mnyama mwingine na naipenda kuliko zote, vitufe 24 vya F juu kwa safu mbili, kumi zaidi kushoto, na uzito wake ukiubeba begani kutoka Shimanzi utaujua. Kuna familia mbili na ukichanganya utaumia. Model F, ya mapema, chini ya kila springi kuna kipande kipana kinachocheza juu ya bodi na umeme unapimwa bila kugusana. Model M, iliyoanza mwaka 1985, kipande kidogo kinabonyeza karatasi za plastiki zenye njia za umeme. Kofia kwa sehemu kubwa zaingiliana kati ya hizo mbili. Vile vipande vya chini havihami hata kidogo, kila mtu na chake.

Ya kijana ilikuwa Model M. Ukiigeuza na kuitikisa kwa ndani unasikia vipande vinalialia kama shilingi kwenye kopo. Hivyo ni vichwa vya plastiki vinavyoshika sahani ya chuma nyuma, vimeyeyushwa kiwandani na baada ya miaka vinakatika kimoja kimoja, vikikatika vingi sahani inalegea na vitufe vinakosa nguvu. Kava linafunguliwa kwa soketi ya milimita 5.5 yenye ukuta mwembamba, tundu ni refu, soketi nene haiingii. Dawa yake ni kukata vilivyobaki, kutoboa kila sehemu kwa msumari wa drili wa milimita 1.5 hivi, na kutia skrubu za M2, zile za unene wa milimita mbili, na nati. Ni kazi ya mchana mzima, na msumari ukienda mshazari utatokea upande wa springi, kwa hivyo toboa kwa mkono ukiweza, polepole. Hii ndiyo ile niliyosema iko njiani, bado skrubu ishirini na kitu.

Springi zenyewe za M kwenda M zahama bila shida, vuta kwa kibanio, ingiza nyingine kwenye kipande chake. Springi yenye kutu itupe, usiipake mafuta. Wakati wa kurudisha kofia simamisha kibodi wima, space bar ielekee juu, kofia iingie springi ikiwa imelala upande wake unaostahili, halafu bonyeza usikilize. Lazima ipige klik safi. Isipopiga, toa urudie hapo hapo, usiende kitufe cha pili ukisema utarudi.

Ukitaka kuitumia hiyo kwa kompyuta ya leo usiguse bodi yake ya ndani. Tengeneza kigeuzi nje, bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4 na programu ya kibodi iitwayo TMK, unaunga waya nne, basi. Kibodi inabaki kama ilivyozaliwa. Vivyo hivyo kwa chipu ya ndani, usihamishe chipu kutoka kibodi moja hadi nyingine kwa sababu namba kubwa zafanana, ndani kuna programu iliyochomwa kiwandani na inaweza kuwa ya lugha nyingine au mpangilio mwingine. Kama si modeli moja na namba zote sawasawa mpaka ile ndogo ya mwisho, iache.

Zile za Key Tronic za sponji nilizotaja, haraka tu, hapo hakuna cha kuhamisha. Sponji ya mtoaji imeoza kama ya mgonjwa, zina umri mmoja, ukiigusa inakuwa unga. Bandua zote, safisha bodi kwa spiriti, kata vipya, sponji laini na kiduara cha plastiki yenye upande unaong'aa kama wa pakiti ya krispsi. Chuma kisigusane na bodi moja kwa moja, plastiki ndiyo iangalie chini. Ni vipande mia, weka redio.

Tulipofunga ile Wyse, kabla ya skrubu ya kava hata moja, tukaichomeka kwenye WY-60 tukabonyeza kila kitufe mara kumi. Kitufe cha P kikakataa. Tukaitoa, kumbe solda ya pini moja imepoa vibaya, inaonekana ya kijivu si ya kung'aa, tukaigusa tena kwa chuma ikakaa. Ndio tukafunga. Ile bodi ya chai sikuitupa, nimeitoa swichi nzima zilizobaki nimezitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kipande cha chaki kunyonya unyevu, kopo nimeliandika jina la modeli kwa kalamu ya wino. LK201 iko rafuni haijafunguliwa, nasubiri mwenzake apatikane.

Kijana akaandika jina la mama yake kwenye skrini, kijani kwenye nyeusi, akalifuta, akaliandika tena. Akaniuliza, "Ami, na ile ya IBM lini?" Nikamwambia Jumamosi, baada ya alasiri, aje na nati za M2 kama thelathini.